Nani Hulipia Krismasi? Wasichana wa Dukani wa New York, 1912

Dada yangu anauza vitambaa katika duka moja mjini Kampala. Kila mwaka, ifikapo wiki ya pili ya Desemba, daftari hupita kutoka kaunta moja hadi nyingine. Msimamizi huwa ameshaandika majina ya wafanyakazi wote kwa mkono wake, na mbele ya kila jina ameacha nafasi ya kujaza kiasi cha fedha. Ni mchango wa zawadi ya Krismasi ya mwenye duka. Unaitwa mchango wa hiari.

Mwaka juzi dada aliandika shilingi 40,000. Akapanda basi la Kasese kwa nauli iliyokuwa imepanda maradufu, akafika nyumbani na sukari, mchele, na gomesi ya mama aliyoichukua kwa mkopo. Shule zilipofunguliwa Februari, mdogo wetu alikaa nyumbani wiki tatu kwa sababu karo haikutimia. Zile 40,000 peke yake zisingemrudisha darasani, najua. Lakini zilikuwa sehemu ya kilichopungua. Mwenye duka alinunuliwa saa ya ukutani, na dada anasema ofisini mwake zilikuwapo nyingine mbili.

Basi akaniuliza swali ambalo ndilo chanzo cha insha hii: "Wewe unayesoma historia, hebu niambie, nani alianzisha jambo hili la maskini kumpa tajiri zawadi?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni maneno tunayoyasikia kila Desemba kanisani, redioni na magazetini, kwamba watu hujiingiza katika gharama kwa sababu ya tamaa, kujionyesha na kutojua kupanga matumizi. Nikiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuandika hivyo katika zoezi la mwaka wa kwanza na nikapata alama nzuri. Baada ya kusoma zaidi, ninaona kwamba maelezo hayo yanamlaumu mtu asiyestahili. Sehemu kubwa ya gharama za zawadi za Krismasi, katika mahali ambako Krismasi ya kisasa ilitengenezwa, haikutokana na mtoaji kupenda kutoa kupita kiasi. Ilitokana na mtoaji kutoweza kukataa. Mfano nitakaoutumia ni wa mji wa New York, ambako mwaka 1912 wasichana wa dukani waliuliza swali lilelile la dada yangu.

Kwanza nimjibu dada kwa ufupi. Zawadi ya mnyonge kwa mwenye nguvu ni ya kale kuliko Krismasi yenyewe. Waroma walikuwa na desturi ya kupeana zawadi siku ya kwanza ya Januari. Mwandishi Suetonius anasimulia kwamba mfalme Caligula, akilalamika kuwa amepungukiwa, alitangaza kwamba atapokea zawadi za mwaka mpya, kisha siku ilipofika akasimama mlangoni mwa jumba lake kupokea sarafu za watu wa kila tabaka. Nchini Uingereza, katika karne ya 16, watumishi wa malkia Elizabeth I walimletea zawadi kila tarehe 1 Januari, na makarani wakaandika katika hati ndefu nani kaleta nini. Kwa hiyo lile daftari la dada lina babu yake.

Hata hivyo, kulikuwa pia na desturi iliyokwenda kinyume, na hii ndiyo inayosahauliwa. Mwanahistoria Stephen Nissenbaum, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu Krismasi ya Marekani, anaonyesha kwamba kwa karne nyingi huko Ulaya na katika makoloni ya Waingereza msimu huu ulikuwa wakati wa maskini kudai. Mavuno yalikuwa ghalani, kazi za shamba zimepungua, pombe imeiva. Vibarua na vijana walikwenda kwa makundi hadi kwenye nyumba za matajiri, wakaimba, wakadai chakula na kinywaji bora kilichokuwamo ndani. Aliyewanyima alipigiwa kelele, na pengine kuvunjiwa madirisha. Zawadi ilishuka kutoka juu kwenda chini, na ilishuka kwa sababu aliye juu aliogopa kidogo.

Wapuritani wa Massachusetts hawakuipenda sikukuu ya namna hiyo. Mwaka 1659 walitunga sheria ya kumtoza faini ya shilingi tano mtu yeyote aliyeonekana kuiadhimisha, na sheria hiyo ikadumu hadi 1681. Mara nyingi inatajwa kama kichekesho, lakini tukikumbuka yale makundi mlangoni tunaelewa kwamba waliokataza walikuwa na sababu zaidi ya ile ya dini.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwanzoni mwa karne ya 19, hasa New York. Mji ulikuwa unakua haraka, vibarua wameongezeka, na matajiri hawakutaka tena kufungulia mlango watu wasiowajua. Kidogo kidogo sikukuu iliingizwa ndani ya nyumba. Nissenbaum anaeleza jambo hili kwa namna iliyonifungua macho: mtoto wa nyumbani alichukua nafasi ya maskini wa mlangoni. Tajiri aliendelea kujiona mkarimu kwa walio chini yake, ila sasa walio chini yake walikuwa wanawe mwenyewe. Na mtoto hapewi mabaki ya jikoni. Hupewa kitu kipya, na kitu kipya hutoka dukani.

Hapo ndipo maduka yalipoingia, na hayakutoka tena. Mwaka 1867 duka la Macy's mjini New York lilibaki wazi hadi usiku wa manane katika mkesha wa Krismasi. F. W. Woolworth, mwenye maduka ya bidhaa za senti tano na senti kumi, aliwaandikia mameneja wake mwaka 1891 akiwakumbusha kwamba Krismasi ndiyo msimu wao wa mavuno. Neno hilo lilinikaa akilini. Mavuno ya zamani yalimpa kibarua nguvu ya kudai. Mavuno ya Woolworth yalimhitaji kibarua asimame nyuma ya kaunta hadi usiku.

Kibarua huyo kwa kawaida alikuwa msichana. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, msichana wa dukani mjini New York aliweza kupata dola sita au saba kwa wiki, na wengine chini ya hapo. Desemba ilikuwa mwezi mbaya kuliko yote. Maduka yalifungwa usiku, kukaa wakati wa kazi hakukuruhusiwa au kulionekana uvivu, na muda wa ziada mara nyingi haukulipwa. Watoto waliajiriwa kubeba vifurushi na kuvipeleka majumbani usiku katika baridi. Florence Kelley, katibu mkuu wa Ligi ya Kitaifa ya Wateja, aliandika mwaka 1903 akishutumu jinsi sikukuu ilivyogeuzwa mateso kwa watu hao. Ligi yake iliwaomba wanunuzi wanunue mapema, yaani wasingoje wiki ya mwisho. Ombi hilo linachekesha leo, kwa sababu maduka yalilichukua na kulifanya tangazo lao la biashara. Kununua mapema kukawa kununua zaidi.

Juu ya uchovu huo kulikuwa na mchango. Katika maduka mengi ilikuwa desturi kwamba wasichana wachangishane kumnunulia zawadi ya Krismasi msimamizi wao au mkuu wa idara. Inaelezwa kwamba wengine walitoa kiasi kilichofikia ujira wa wiki mbili. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Lakini msimamizi ndiye aliyeamua nani atapangiwa zamu gani, nani atapandishwa, na nani ataachishwa kazi Januari wateja wanapopungua. Mfaransa Marcel Mauss, katika utafiti wake maarufu wa mwaka 1925 kuhusu zawadi, alisema kuna mambo matatu ya lazima: kutoa, kupokea na kurudisha. Ukiutazama mchango wa dukani kwa macho ya Mauss, utajiuliza msimamizi alirudisha nini. Ninavyoona mimi, alirudisha kutofukuzwa.

Novemba 1912 wanawake wa New York waliunda chama ambacho jina lake, kwa Kiswahili, ni Chama cha Kuzuia Utoaji Usio na Faida. Kwa herufi za Kiingereza kiliitwa SPUG, na mwanachama wake akaitwa Spug. Kilitokana na mfuko ambao wasichana wafanyakazi waliutumia kuweka akiba kidogo kidogo ya mapumziko ya kiangazi. Tutazame hilo kwa makini. Hawa hawakuwa watu wasiojua kupanga matumizi. Walikuwa tayari wanaweka akiba. Anayeweka senti zake kila wiki kwa ajili ya Julai anajua vizuri sana Desemba inakula nini.

Waliosimama mbele ya chama hicho walikuwa Anne Morgan, binti wa J. P. Morgan aliyekuwa tajiri mkubwa wa mabenki, na Eleanor Robson Belmont, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani kabla ya kuolewa na August Belmont, tajiri mwingine. Mwezi uliofuata Theodore Roosevelt, rais wa zamani aliyekuwa ametoka kushindwa katika uchaguzi wa Novemba, alijiunga na akatangazwa kuwa Spug wa kwanza mwanamume. Magazeti yalifurahi. Wengine waliwakejeli wanachama kuwa ni wachoyo wanaotaka kuiua Krismasi, na viongozi wakalazimika kueleza mara kwa mara kwamba hawapingi zawadi za watoto wala za mtu kwa ampendaye. Walichopinga ni zawadi inayotolewa kwa sababu mtu hana budi.

Kwa msichana wa kaunta, kwa maoni yangu, faida ya chama haikuwa katika hotuba za matajiri. Ilikuwa katika wingi wa watu. Msichana mmoja akikataa mchango, ni mkaidi. Wasichana wote wa idara wakikataa siku moja, na rais wa zamani yuko upande wao, msimamizi hana wa kumwandama. Kukataa kulihitaji watu wengi kwa sababu kutoa kulikuwa kumefungwa kwa hofu ya mmoja mmoja.

Udhaifu wa chama nao hauna budi kutajwa. Msichana wa dola sita aliyeondolewa mchango alibaki msichana wa dola sita. Anne Morgan alikuwa amewaunga mkono wasichana wa viwanda vya nguo katika mgomo wao mkubwa wa 1909 hadi 1910, kisha akajitenga alipoona wasoshalisti wana nguvu ndani ya mgomo. Kupigania ujira kungewagusa watu wa tabaka lake. Kupigania zawadi hakukuwagusa sana. Vita vya Ulaya vilipoanza 1914, viongozi wake waligeukia kazi nyingine. Anne Morgan alikwenda Ufaransa kusaidia waathirika wa vita, na Bi Belmont akafanya kazi na Msalaba Mwekundu. Chama kikafifia.

Lakini desturi yenyewe ilidhoofika pia, na hapa wanahistoria hawakipi chama sifa zote. William Waits, aliyeandika mwaka 1993 kuhusu zawadi za Krismasi nchini Marekani, anaonyesha kwamba vikorokoro ambavyo marafiki na jamaa wa mbali walikuwa wakipeana vilianza kubadilishwa kwa kadi, ambazo ni nafuu zaidi. Waajiri nao walikuwa wakielekea kwenye bonasi ya fedha taslimu. Woolworth huyuhuyu wa mavuno alianza mwaka 1899 kuwapa wafanyakazi dola tano kwa kila mwaka wa utumishi, mwisho dola 25. Hakufanya hivyo kwa huruma tu. Hakutaka mgomo katika wiki zenye faida kubwa. Mimi hukumbuka yale makundi ya mlangoni: zawadi inashuka pale aliye juu anapokuwa na la kuogopa.

Kulikuwa na jibu la pili kwa gharama za Krismasi, na hili halikufifia. Mwaka 1909, miaka mitatu kabla ya SPUG, Merkel Landis, mweka hazina wa benki moja katika mji mdogo wa Carlisle, Pennsylvania, alianzisha akiba ya Krismasi. Wateja wapatao 350 waliweka kidogo kila wiki, kwa wastani dola 28 kila mmoja, na fedha zikatolewa tarehe 1 Desemba, siku ambayo mtu anazihitaji na duka linamngoja. Mpango ukaenea katika mabenki mengi. Kuna hekima ndani yake na sitaki kuidharau, maana mama yangu naye yumo katika kikundi cha akiba na bila kikundi hicho tusingekula nyama. Lakini tofauti ya majibu haya mawili ni kubwa. Chama cha New York kiliuliza kama gharama ni ya haki. Benki ya Carlisle iliichukua gharama kama ilivyo, ikamsaidia mtu kuimudu.

Na akiba hiyo ina hatari yake. Nchini Uingereza kampuni ya Farepak ilikusanya fedha za watu mwaka mzima ili mwezi wa Desemba iwape vocha na vikapu vya vyakula. Wengi walikuwa familia za kipato kidogo, na waliokusanya fedha mitaani walikuwa mawakala, mara nyingi akina mama waliokusanya kutoka kwa ndugu na majirani wao. Oktoba 2006 kampuni ikafilisika. Zaidi ya watu laki moja walipoteza jumla ya pauni zipatazo milioni 37. Ilichukua hadi 2012 kurudishiwa takriban nusu ya fedha zao. Wale walikuwa watu waliofanya kila jambo ambalo mahubiri ya Desemba yanawaambia wafanye: hawakukopa, walipanga, walianza mapema. Nani atawaita wabadhirifu?

Serikali nazo hazikukaa kando. Mwaka 1939 Sikukuu ya Shukrani ya Marekani, ambayo hufungua msimu wa manunuzi, ingeangukia tarehe 30 Novemba. Wenye maduka walilalamika kwamba siku za kuuza zingepungua, na Rais Franklin Roosevelt akairudisha nyuma kwa wiki moja. Majimbo yakagawanyika karibu nusu kwa nusu, mengine yakikataa, hadi Bunge likaweka tarehe kwa sheria mwaka 1941. Nalitaja hili kwa wale wanaoamini kwamba matumizi ya Krismasi ni jambo la moyo wa mtu binafsi tu.

Wachumi wana hesabu yao. Joel Waldfogel aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani zawadi walizopewa wangezithamini kwa kiasi gani, na katika makala yake ya mwaka 1993 akakadiria kwamba kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya thamani ya zawadi hupotea bure, kwa kuwa mpokeaji asingeinunua kwa bei iliyolipwa. Saa ya tatu ya mwenye duka ingemfurahisha sana Waldfogel. Lakini hesabu hiyo inapima kilichopotea mikononi mwa mpokeaji. Haimuulizi mtoaji aliacha nini ili anunue. Kwa zawadi ya dada, hasara haikuwa ukutani Kampala. Ilikuwa Kasese, kwenye dawati lisilokuwa na mtu kwa wiki tatu.

Wenzangu wa pwani wameniambia kuhusu mkono wa Idi, sarafu au noti ndogo ambazo wakubwa huwapa watoto siku ya sikukuu. Jina lenyewe linaonyesha mkono unakwenda wapi: kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Kwetu Kampala neno limefanya safari nyingine. Askari wa getini, karani wa ofisini, hata afisa anayekagua gari, wote wanaweza kukuambia "nipe Krismasi yangu". Sikukuu imekuwa jina la kitu kinachodaiwa, na si rahisi kujua mara moja kama anayedai ni yule maskini wa mlangoni au ni Caligula. Mimi hutazama jambo moja tu: ukikataa, nini kitakupata? Kibarua wa karne ya 17 angekupigia kelele. Msimamizi wa mwaka 1912 angekunyima kazi.

Nilimsimulia dada habari zote hizi likizo ya katikati ya mwaka, tukiwa tunamenya mihogo nyumbani. Alicheka sana kuhusu Caligula. Kuhusu wasichana wa New York hakucheka. Aliuliza walikuwa wangapi katika kila duka, na kama kuna waliofukuzwa.

Desemba iliyopita daftari lilipita tena. Lilipomfikia, nafasi nne juu ya jina lake zilikuwa tupu. Yeye aliandika 20,000. Nilipomuuliza kwa nini hakuacha tupu kama wale wanne, alisema msimamizi alikuwa amesimama palepale, ameshika kalamu.